QUETELET: MTABIRI WA JINAI ALIYETUMIA HESABU

Huku kwetu chini ya Mlima Kenya utabiri si jambo geni. Tangu utotoni tumesimuliwa habari za Mugo wa Kibiru, mwaguzi mashuhuri wa Wagikuyu, ambaye kabla Mzungu hajakanyaga ardhi hii alitoa habari za wageni wenye ngozi kama ya chura, na za joka la chuma litakalotambaa kutoka maji ya mashariki hadi maji ya magharibi. Wageni walikuja, na reli ikajengwa. Basi mtu wa Giakanja hashangai akiambiwa kuwa yupo binadamu aliyeweza kuyaona mambo ya kesho.

Leo nataka kuwasimulia wasomaji maisha ya mtabiri wa namna nyingine. Huyu hakuwa na kibuyu cha ramli wala hakuota ndoto. Silaha yake ilikuwa kalamu, karatasi na safu za tarakimu. Alikaa chini akahesabu makosa yaliyokwisha kutendwa, kisha akasema kuwa makosa ya mwaka ujao yanaweza kujulikana mapema, takriban yatakuwa mangapi na ya aina gani. Jina lake ni Adolphe Quetelet, Mbelgiji, naye amekuwa kaburini tangu mwaka 1874.

Huenda msomaji akaniuliza, Mbelgiji huyo anatuhusu nini sisi watu wa Tetu? Anatuhusu sana. Kwanza, kila mtu aliyewahi kupimwa uzito na urefu hospitalini, kisha muuguzi akaugawa uzito wake kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe ili kujua kama amenenepa kupita kiasi, amepimwa kwa kanuni iliyotokana na kazi ya Quetelet. Pili, na hilo ndilo kubwa, sisi ni watu ambao tumewahi kuhesabiwa kuwa taifa la wahalifu. Tuna haki ya kumjua mtu aliyefundisha ulimwengu kuhesabu wahalifu, na kujua hesabu hiyo inafaa wapi na inapotosha wapi.

YATIMA WA GHENT

Quetelet alizaliwa tarehe 22 Februari 1796 katika mji wa Ghent. Wakati huo nchi ya Ubelgiji ilikuwa bado haijawa dola. Ilitawaliwa na Wafaransa. Baba yake alifariki kijana akiwa na umri wa miaka saba tu, na ikambidi aanze kujitafutia riziki mapema. Alipotimiza miaka kumi na saba alikuwa tayari mwalimu wa hesabu.

Lakini moyo wake haukuwa katika hesabu peke yake. Alipenda kuchora, alitunga mashairi, na pamoja na rafiki yake Dandelin aliandika maneno ya mchezo wa kuigizwa kwa nyimbo. Mtu angemtazama siku zile angedhani kuwa atakuwa msanii. Hata hivyo hesabu ilimshinda nguvu. Mwaka 1819 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Ghent, chuo kilichokuwa kichanga bado, akawa wa kwanza kupewa shahada hiyo hapo. Mwaka huo huo alihamia Brussels kufundisha.

Katika mji ule alishikwa na hamu ya kuanzisha jengo la kutazamia nyota. Serikali ilikubali, nayo ikampeleka Paris mwishoni mwa mwaka 1823 ili ajifunze jinsi vyombo vya kazi hiyo vinavyotumiwa. Huko alikutana na mabingwa wa zama zile, akina Laplace na Fourier, nao walimfungua macho kwa elimu ya bahati nasibu, yaani ile hesabu ya kupima uwezekano wa jambo kutokea au kutotokea. Mtazamaji nyota huitumia kusahihisha makosa ya macho yake: akiipima nyota moja mara mia, hapati jibu moja mara mia, ila majibu hukusanyika karibu na wastani. Quetelet alirudi nyumbani na swali lililombadilisha maisha. Kama nyota zina utaratibu unaoonekana kwa kuhesabu, je, binadamu naye hana?

KODI INAYOLIPWA KILA MWAKA

Bahati ilimwendea vizuri. Mwaka 1827 Serikali ya Ufaransa ilichapisha kitabu cha kwanza cha hesabu za mahakama zake za jinai, kikieleza mambo ya mwaka 1825, na kuanzia hapo ikaendelea kuchapisha kila mwaka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi kubwa kuyaweka makosa yake yote mezani, ikionyesha waliomshtakiwa wangapi, kwa kosa gani, wa umri gani, mume au mke, anayejua kusoma au asiyejua.

Quetelet alizipokea tarakimu hizo kama mkulima anavyoipokea mvua ya kwanza. Alitazama idadi ya watu walioshtakiwa katika mahakama kuu za jinai za Ufaransa. Mwaka 1826 walikuwa 6,988. Mwaka 1827 walikuwa 6,929. Mwaka 1828 walikuwa 7,396, na mwaka 1829 walikuwa 7,373. Akatazama waliopatikana na hatia: 4,348, kisha 4,236, kisha 4,551, kisha 4,475. Kila mwaka, katika kila washtakiwa mia, kama sitini na mmoja hivi walihukumiwa. Hata kuua, jambo ambalo tungedhani hutokana na hasira ya ghafula isiyo na ratiba, kulikuwa na kipimo chake. Kesi za mauaji zilikuwa 241, kisha 234, kisha 227, kisha 231.

Ama kwa hakika tarakimu hizo zilimtisha. Watu hao hawakukutana wakapanga wauane kiasi hicho. Mmoja alikuwa kaskazini na mwingine kusini, hawajuani wala hawatajuana. Bado jumla yao ilitoka karibu ile ile, kana kwamba Ufaransa ilikuwa ikitozwa kodi ya jinai nayo ikiilipa kila mwaka kwa uaminifu kuliko kodi ya Serikali. Mwaka 1831 alitoa kitabu juu ya mwelekeo wa binadamu kutenda jinai katika umri mbalimbali, na humo akaeleza kuwa mtu aweza kujua mapema ni wangapi watakaochafua mikono yao kwa damu, na wangapi watakaoghushi fedha.

Na utabiri huo ulitimia? Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Mwaka 1830 Wafaransa walimpindua mfalme wao, lakini hata katika ghasia zile walioshtakiwa walikuwa 6,962. Mwaka 1831 walikuwa 7,606. Mwaguzi gani wa kijijini angekaribia namna hiyo?

Yeye mwenyewe hakuwa mbali na misukosuko. Mwaka huo huo wa 1830 Wabelgiji waliasi utawala wa mfalme wa Uholanzi, na jengo lake la nyota, ambalo lilikuwa halijakwisha kujengwa, lilifanywa boma na wapiganaji.

VIJANA NA UMASKINI

Quetelet hakuishia kwenye jumla. Alichambua. Aliona kuwa mwelekeo wa kutenda jinai hupanda haraka ujanani, hufika kilele kama katika umri wa miaka ishirini na mitano, kisha hushuka polepole hadi uzeeni. Aliona kuwa wanawake walioshtakiwa walikuwa wachache sana, kama ishirini na watatu kwa kila wanaume mia. Aliona pia kuwa makosa ya kupiga na kujeruhi huzidi majira ya joto, na wizi huzidi majira ya baridi, wakati maskini hana kazi wala kuni.

Hapo pana funzo kwetu. Mara nyingi nimewasikia wazee wa huku wakisema kuwa vijana wa siku hizi wamelaaniwa, na kwamba zamani hapakuwa na wizi wa kahawa wala wa ng'ombe. Quetelet angewajibu kwa upole kwamba kijana wa miaka ishirini na mitano amekuwa hatari katika kila nchi aliyoipima, na kwamba nchi yenye vijana wengi isishangae kuona kesi nyingi. Hiyo si laana. Ni umri, nao hupita, mradi kijana apate kazi na mahali pa kusimama kabla hajapata rekodi ya jela.

Juu ya umaskini alisema jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Mikoa iliyokuwa maskini kabisa ya Ufaransa haikuwa ndiyo yenye wahalifu wengi. Kilicholeta jinai zaidi ni tofauti kubwa kati ya jirani na jirani, na mtu kuporomoka ghafula kutoka maisha ya nafuu hadi ufukara. Mtu aliyezoea kidogo chake hutulia. Aliyekuwa nacho akanyang'anywa, huyo ndiye wa kuogopwa. Sisi ambao mashamba yetu yalichukuliwa na walowezi hatuhitaji kufafanuliwa.

Kutokana na hayo yote alifikia neno lililowaudhi wengi: kwamba jamii ndiyo inayoandaa jinai, na mhalifu ni chombo tu kinachoitekeleza. Viongozi wa dini na wanafalsafa walimshambulia, wakisema anamwondolea binadamu hiari yake na kuifanya dhambi kuwa kama mvua. Alijitetea kuwa hesabu zake zinasema juu ya umati, hazisemi juu ya mtu mmoja. Nami naona alijitetea vyema. Sisi tunajua kuwa masika huja mwezi wa Machi hadi Mei, lakini hakuna ajuaye tone lipi litaangukia bati la nani. Anayedai kujua hilo ni mwongo. Tena Quetelet aliongeza kuwa kama jamii ndiyo inayoandaa jinai, basi jamii ikibadili sheria na maisha ya watu, idadi nayo itabadilika. Hilo ni neno la matumaini.

Mwaka 1835 alitoa kitabu chake kikubwa kuliko vyote, juu ya binadamu na makuzi ya vipaji vyake, humo akamtambulisha mtu wa wastani. Sifa zake zilienea Ulaya nzima. Alikuwa katibu wa kudumu wa Akademia ya Brussels tangu mwaka 1834, alisaidia kuanzishwa kwa chama cha takwimu cha London mwaka huo huo, na alimfundisha kijana Albert, ambaye baadaye alimwoa Malkia Victoria. Florence Nightingale, yule muuguzi maarufu, alimheshimu kama mwalimu wake.

KULINGANISHA MATAIFA

Lakini swali gumu lilikuwa bado. Je, twaweza kusema kuwa taifa fulani lina wahalifu wengi kuliko jingine? Katika Ufaransa, kwa hesabu yake, palikuwa na mshtakiwa mmoja kwa kila wakazi 4,463. Alitaka kuweka tarakimu hiyo kando ya tarakimu za nchi nyingine. Akasita. Alijua kuwa mahakama haioni makosa yote. Yapo yanayofichwa, yapo yasiyoripotiwa, na yapo ambayo sheria ya nchi moja inayaita jinai na sheria ya nchi jirani inayaacha. Hivyo alishauri kuwa tusilinganishe ila pale tunapoweza kuamini kuwa sehemu inayoonekana na sehemu isiyoonekana zina uwiano ule ule.

Hata katika nchi moja mtego huo upo, na tarakimu zake zilimwonyesha. Mwaka 1831 Ufaransa ilibadili sheria ya wazee wa mahakama. Awali kura saba kati ya kumi na mbili zilitosha kumtia mtu hatiani. Sasa zikahitajika nane. Mara moja waliohukumiwa walishuka hadi hamsini na wanne kwa kila mia. Je, Wafaransa walikuwa wameongoka kwa mwaka mmoja? La. Kilichobadilika ni sheria.

Kwa sababu hiyo aliitisha mataifa. Mwaka 1853 mkutano wa kwanza wa kimataifa wa takwimu ulifanyika Brussels, yeye akiwa mwenyekiti, ili nchi zikubaliane kuhesabu kwa namna moja. Kazi hiyo haijakwisha hadi leo. Umoja wa Mataifa umekuwa ukikusanya hesabu za jinai za nchi wanachama tangu miaka ya 1970, na bado wataalamu wake huonya kuwa nchi yenye polisi wanaoaminika huonekana ina wizi mwingi, kwa sababu raia wake huenda kituoni kuripoti. Afrika Mashariki nayo ilichunguzwa. Wamarekani wawili, Clinard na Abbott, walilinganisha mitaa miwili ya maskini ya Kampala, Kisenyi na Namuwongo, wakatoa kitabu mwaka 1973. Mitaa yote miwili ilikuwa ya kimaskini, lakini wizi haukuwa sawa. Mtaa ambao majirani walijuana na kutembeleana ulikuwa na nafuu. Nina hakika Quetelet angefurahi kukisoma.

HESABU ZILIPOGEUKA KAMBA

Sasa niruhusuni nirudi nyumbani, kwani hapa ndipo maisha ya Mbelgiji huyu yanapotugusa.

Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kipande, na baada ya Vita Vikuu vya Kwanza kila mwanamume Mwafrika wa miaka kumi na sita na zaidi alilazimishwa kukibeba, watu wakakivaa shingoni katika kijaluba cha chuma. Asiyekuwa nacho alishtakiwa. Kwa siku moja tendo la kutembea bila karatasi likawa jinai, na maelfu ya watu ambao hawakuiba hata kuku waliingizwa katika daftari za wahalifu. Kipande kilifutwa mwaka 1947. Mtu akisoma hesabu za mahakama za miaka ile bila kuijua sheria hiyo, atadhani Waafrika walikuwa watu wabaya kuliko wote ulimwenguni.

Ikaja Hali ya Hatari, tarehe 20 Oktoba 1952. Serikali ilimpa kazi daktari wa akili, J. C. Carothers, aliyekuwa ameiongoza Hospitali ya Mathari, aeleze kwa nini Wagikuyu wameasi. Taarifa yake ilichapishwa Nairobi mwaka 1954. Badala ya kuitazama ardhi iliyonyang'anywa, aliitazama akili ya Mwafrika, akaona ndiyo yenye hitilafu. Hapo elimu ya Quetelet iligeuzwa juu chini. Yeye alisema jamii huandaa jinai. Hawa walisema jinai imo katika damu na ubongo wa taifa fulani. Mwitaliano Lombroso aliianza njia hiyo kwa kupima mafuvu ya wafungwa, na Mwingereza Galton akaichukua hesabu ya wastani akaitumia kupanga watu kwa daraja za ubora.

Matokeo yake tunayajua. Kuanzia mwaka 1954 watu wa Nyeri na wilaya jirani walihamishwa kwa nguvu katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki. Katika vita ile watu 1,090 walinyongwa, wengi wao kwa makosa yasiyokuwa ya kuua. Dedan Kimathi, mzaliwa wa Thegenge hapa hapa Tetu, alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akahukumiwa katika mahakama mjini Nyeri kwa kosa la kupatikana na bastola na risasi, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Katika daftari la wakoloni yeye ni tarakimu moja miongoni mwa wahalifu. Miaka hamsini kamili baadaye, tarehe 18 Februari 2007, sanamu yake ilizinduliwa katikati ya Nairobi, na leo chuo kikuu kilichopo Nyeri kina jina lake. Mtu ni yule yule na tendo ni lile lile. Anayehesabu ndiye aliyebadilika.

Wala tusidhani mambo hayo yalikwisha na Mzungu. Sheria ya mwaka 1980 ilipiga marufuku chang'aa kabisa. Sheria ya mwaka 2010 iliiruhusu, mradi itengenezwe na kuuzwa kwa leseni. Mama aliyefungwa kwa chupa moja mwaka 1985 angefanya biashara halali baadaye kama angekuwa na fedha za leseni. Na ng'ambo, katika Marekani, polisi wa miji kadhaa walitumia programu ya kompyuta iliyotabiri jinai itatokea mtaa gani. Programu ililishwa hesabu za makosa yaliyokwisha kuandikwa. Polisi wakapelekwa mitaa ile ile. Wakaona makosa zaidi kwa kuwa ndiko walikotazama. Hesabu zikazidi kuthibitisha utabiri. Mwaka 2020 polisi wa Los Angeles waliiacha, na mji wa Santa Cruz ukapiga marufuku utabiri wa namna hiyo.

MWISHO WAKE

Quetelet alipatwa na kiharusi mwaka 1855, na ingawa aliinuka, kumbukumbu yake haikurudi kama zamani. Mkewe Cécile alifariki mwaka 1858. Hata hivyo mzee hakuiweka kalamu chini. Alitoa vitabu vingine, na mwaka 1872, akiwa na umri wa miaka sabini na sita, alisafiri hadi St Petersburg kuhudhuria mkutano wa takwimu. Alifariki Brussels tarehe 17 Februari 1874, siku tano kabla ya kutimiza miaka sabini na minane. Mwanawe Ernest alikuwa amekwisha kushika kazi ya nyota pamoja naye. Wabelgiji walimjengea sanamu mbele ya Akademia yao.

Mimi simlaumu kwa yaliyotendwa na waliomfuata, wala simsifu kupita kiasi. Alitupa chombo kizuri. Panga hulima na panga huua, na anayelishika ndiye wa kuulizwa. Kila mwaka polisi wetu hutoa idadi ya makosa yaliyoripotiwa, na kila mwaka husikika watu wakisema wilaya fulani imeoza au kabila fulani ni la wezi. Siku hiyo, msomaji, usikimbilie kukubali wala kukana. Uliza mambo matatu ambayo Mbelgiji yule aliyauliza karibu miaka mia mbili iliyopita. Ni sheria gani iliyoliita tendo hilo jinai? Ni yapi ambayo hayakufika kituoni? Na ni kitu gani katika maisha ya watu wale, ardhi, kazi au njaa, kilichoiandaa idadi hiyo kabla mkono wa mtu yeyote haujanyanyuka?

Tukiyajibu hayo matatu, huenda idadi ya mwaka ujao ikawa ndogo. Mugo wa Kibiru alitabiri mambo ambayo hayakuweza kuzuilika. Utabiri wa Quetelet una faida zaidi, kwa maana watu wakiusikia wakatengeneza maisha yao, haupaswi kutimia.